Mshono Nje

Jumamosi, 2 Machi

Nimejiunga. Ukumbi wa Chama cha Nasaba uko juu ya maktaba, na mvua ya kwanza ilinikuta nikiwa katikati ya ngazi za nje, nikaingia mbio kama mtu anayefukuzwa. Ndani kunanuka gundi na zulia bichi. Tulikuwa wachache, wengi wastaafu. Nadhani ni mimi peke yangu mwenye meno yote.

Anayefundisha ni mpima ardhi mstaafu. Wanamwita Mzee Penseli, usoni pake kabisa, naye anaitika. Sababu niliijua mapema: kila jina na kila tarehe huandikwa kwanza kwa penseli. Wino haugusi karatasi mpaka mashahidi wawili waseme jambo lile lile, na wawe watu ambao hawajazungumza wao kwa wao juu yake. "Watu wa nyumba moja ni shahidi mmoja," alisema. "Wameshakaa wakapatana."

Nataka kumchorea Baba mti wa ukoo wake. Tarehe 18 Mei anatimiza miaka sitini. Amelelewa na mama yake tu. Hana ndugu, hana binamu, hana hata picha ya baba yake. Mtu wa namna hiyo unampa zawadi gani? Nimeamua kumpa watu.

Jumapili, 3 Machi

Nilimweleza Bibi wakati nampangia dawa zake. Bibi ndiye mama yake Baba. Anaishi na sisi tangu Mama alipofariki, au sisi tunaishi naye, inategemea unamuuliza nani. Siku zote akisikia mipango yangu hucheka na kuniita mke mwenzangu. Leo aliniuliza, "Huko chamani wanakuja watu wa wapi?"

"Wa kila mahali, Bibi."

"Kila mahali," alirudia, akameza dawa bila maji.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kazini kwangu, maabara ya maji, tumepokea chupa za maji ya mtoni zenye rangi ya chai. Nimepima tope kutwa nzima. Bibi hakula.

Jumamosi, 9 Machi

Leo Mzee Penseli ametoa kanuni yake ya pili: hakuna anayetafiti kwao. Unapewa mwenzako, unashughulikia ukoo wake, naye anashughulikia wako. "Ukitafiti kwenu," alisema, "unawasamehe watu kabla hujawauliza."

Mimi nimepewa muuza rangi. Ni mtu mzima, angeweza kunizaa, lakini tangu tusalimiane ananiita mdogo wangu, nami nimelazimika kumwita kaka. Ana rangi ya kijani kwenye kucha na anacheka kabla hujamaliza kuchekesha. Mti wake umejaa: shangazi, wajomba, watoto wa wajomba. Ila pembeni ya jina lake, upande wa wakubwa, pana kisanduku kisicho na kitu.

"Huyu nani?"

"Kaka yangu. Mama hataki tuandike jina lake, wala tarehe ya kufa."

"Alikufa?"

"Walisema maji yalimchukua akiwa mchanga. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama hakubali, basi tumemwachia nafasi." Akacheka. "Si kila nyumba ina chumba cha wageni, mdogo wangu?"

Nimemnakili hivyo hivyo, kisanduku kitupu. Baada ya wiki ya kupima tope mtu anajikuta anapenda vitu vilivyo wazi.

Jumamosi, 16 Machi

Muuza rangi amekuja nyumbani kuhoji. Alimkuta Baba uani chini ya turubai, amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, shati amelitundika msumarini. Baba hatengenezi kitu akiwa na shati. Hubaki na fulana, na fulana yake siku zote huvaliwa ndani nje, mishono yote inaonekana. Sisi tumeshazoea. Wageni huwa wanadhani wamegundua kitu.

"Fundi, samahani, fulana umeivaa kinyume."

"Kinyume mmevaa nyinyi," Baba alisema bila kutoa kichwa nyuma ya friji. "Mshono unakwaruza. Mama alinivalisha hivi tangu sijui kutembea. Ngozi imeshadekezwa, sasa nitaifanyaje?"

Muuza rangi akaangua kicheko. Baba naye akacheka. Wakacheka pamoja, na Bibi akatoka chumbani kwake akiwa peku, akashika mwimo wa mlango.

"Ni nani anayecheka hapo?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka muuza rangi akajipangusa mashavu akidhani ana rangi usoni.

"Mama yako yu hai?"

"Yupo. Macho yameisha, mdomo bado mzima. Niko naye hapa mjini kwa ajili ya matibabu."

"Mnatokea wapi?"

Akamtajia kwao, kijiji cha machimbo ya mawe huko juu ya mto. Mimi nikadakia kwamba hata Babu alikuwa fundi wa mawe, huenda walifahamiana na wazee wa huko. Bibi akasema mawe yapo kila mahali. Alipoulizwa Baba alizaliwa wapi, alitaja mji wa mbali, kule reli inakoishia, akasema kichwa kinamuuma na akafunga mlango.

Muuza rangi alipoondoka, Bibi aliniita. "Huyo mtu asirudi hapa."

"Amekosa nini?"

"Ananuka rangi. Kifua changu hakiwezi."

Jumatatu, 18 Machi

Bibi hatoki chumbani. Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Kwa mara ya tatu wiki hii, akiwa hanitazami: "Mama yake yule, ni mgonjwa wa nini?"

Jumamosi, 23 Machi

Muuza rangi ametoa taarifa mbele ya darasa, na wazee wakacheka, nami nikacheka nao. Ana mteja wa rangi kule reli inakoishia. Yule mteja aliulizia kwa wenyeji wote wa makamo na wazee. Hakuna aliyewahi kumjua fundi wa mawe mwenye jina la Babu. Hakuna anayemkumbuka Bibi.

"Mdogo wangu, nyinyi mliangukia wapi? Mmeshushwa na mvua?"

Mzee Penseli hakucheka. Alisema familia ikikosa shahidi mahali ilipotajwa, haina maana kwamba haikuwepo. Ilikuwepo mahali pengine.

Nilimweleza Bibi jioni, nikidhani atatoa maelezo. Alisema watu wa kule wamekufa. Nikamuuliza, wote? Akasema, "Wewe siku hizi unaniuliza kama polisi."

Alhamisi, 28 Machi

Mto umefunika vibanda vya chini vya soko. Tumepiga marufuku visima vitatu. Baba anafurahi kwamba nina kitu cha kufanya Jumamosi.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa.

Leo ilikuwa safari ya chama kwenda kusoma makaburi. Muuza rangi aliomba twende kwao, kwenye makaburi ya zamani kando ya machimbo, kwa kuwa mimi ndiye ninayetafiti ukoo wake na babu zake wamelala pale. Tulikwenda kwa basi la kukodi. Mvua ilikuwa imepumzika, na jua linatoka na kurudi.

Mzee Penseli alitufundisha kusoma jiwe lililofutika. Husugui, hukwangui. Unachukua kioo, unakinga jua, unaurusha mwanga ubavuni mwa jiwe, sambamba na uso wake. Kila herufi iliyobaki, hata kwa unene wa ukucha, inatupa kivuli. Jiwe lililokuwa tupu linajaa maneno. Unapoondoa kioo, yanatoweka.

Nilisoma babu wawili wa muuza rangi na shangazi mmoja. Yeye alikuwa mbali kidogo akifyeka majani na kuimba ovyo. Kwenye kona ya chini, ukutani, niliona jiwe dogo lililochongwa vizuri kuliko yote, kingo zake zimenyooka kama za sabuni mpya. Nilipenda kazi ya huyo fundi. Ndiyo sababu nilirusha mwanga pale. Halikuwa la ukoo wake, halikunihusu.

Lilikuwa na jina la Baba. La kwake, la Babu, na la ukoo. Chini yake tarehe ya kuzaliwa, 18 Mei, na mwaka ule ule. Chini yake tarehe ya kufa, Januari iliyofuata.

Nilikiinamisha kioo. Maandishi yakazama. Nikakiinua, yakarudi.

"Umepata mtu?" muuza rangi aliniita, fyekeo begani.

"Hapana, kaka. Ukoga tu."

Akaniamini. Tukarudi kwenye basi. Nilipofika nyumbani Baba alikuwa jikoni, yuko hai, anakoroga chai na kulalamika kwamba sukari imeshika unyevu. Aliniuliza mbona nimepauka. Nikamwambia basi lilikuwa linayumba.

Jumapili, 7 Aprili

Watu humpa mtoto jina la ndugu yake aliyetangulia. Ni jambo la kawaida kabisa. Baba ni mtoto wa pili, basi. Jina moja, baba mmoja.

Lakini siku ya kuzaliwa hairithiwi. Wala mwaka.

Bibi amenitazama leo nikila, akaniuliza miguu yangu imepata wapi udongo mwekundu. Nimeosha viatu mara mbili.

Jumanne, 9 Aprili

Sijala nyumbani. Mvua tangu alfajiri.

Jumamosi, 13 Aprili

Sikwenda chamani. Nimesingizia mafua. Muuza rangi ametuma ujumbe: nipone haraka, mama yake ana hamu ya kumwona "mtoto wa penseli", na siku jua likikaza atarudi kule makaburini mwenyewe na kioo, kwa sababu jiwe moja zuri kwenye kona ya chini hatukulisoma vizuri.

Nimeanza kuiombea mvua.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekwenda. Ningekataa ningeonekana nina la kuficha.

Mama yake muuza rangi anaishi naye nyuma ya duka, chumba safi chenye kitanda, kiti kimoja cha mikono na friji ndogo inayokohoa. Ni mwanamke mrefu, amebaki mifupa na kauli. Macho yake yana utando. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Kaa upande huu, jicho hili bado linapokea kidogo." Kisha akamfukuza mwanawe. "Nenda ukauze rangi. Ukiwepo unacheka, mimi nasahau."

Nikafungua karatasi, nikashika penseli. Nilimuuliza juu ya babu, akajibu haraka haraka kama anayelipua kazi. Alikuwa anangoja nifike kwenye kisanduku.

"Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwisho wa mwaka," alisema. "Maziwa yangu hayakuja. Tulijaribu kila kitu. Mwezi wa kwanza tukaambiwa kuna binti pale machimboni amezika mtoto wake wiki ile; mumewe naye alikuja kuangukiwa na jiwe kabla arobaini ya mtoto haijaisha. Kifua chake kilikuwa kinamwaga maziwa, nguo zinalowa. Nikamchukua aje anyonyeshe. Unaandika?"

"Naandika, bibi."

"Alikuwa mpole. Hakuwa na kosa. Ila mtoto alipokuwa mikononi mwake, mimi nikiingia chumbani najiona kama nimegonga mlango wa watu. Mume wangu akapata maziwa ya kopo mjini. Tukamwambia yule binti, basi, asante, mwisho wa mwezi nenda. Ilikuwa mvua kama hizi. Siku moja alitoka na mtoto kumwotesha jua maana lilikuwa limetoka kidogo. Jioni daraja likaondoka na maji. Hawakurudi."

Friji ikakohoa, ikanyamaza, ikawaka tena.

"Wote walisema mto. Mimi sikusema mto. Mto nilizaliwa nao, naujua. Ukichukua mtu unarudisha nguo. Nilitembea kingo zile mpaka kiangazi. Haukurudisha hata kofia."

Nikamuuliza yule binti alikuwaje. Swali la kawaida, lipo kwenye mwongozo.

"Sura imeshanitoka. Nakumbuka alivyomvalisha. Alikuwa anageuza fulana za mtoto, ndani nje, mshono ukae nje usimkwaruze. Nikamwambia, mtoto anaonekana kama amevalishwa gizani. Akasema, yeye haoni, anahisi." Akatega sikio. Kisha: "Mbona umeacha?"

"Penseli imevunjika, bibi."

Haikuwa imevunjika.

Jumapili, 21 Aprili

Baba alikwenda kwa mteja. Nilianua nguo za barazani nikazipeleka kwa Bibi tukunje, kama kila Jumapili. Alichukua fulana ya Baba, akaigeuza ndani nje, akaikunja. Akachukua ya pili. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote.

"Bibi, nani alikufundisha kugeuza fulana?"

Mikono haikusimama. "Umeshakwenda kwake."

"Ndiyo."

"Amesemaje?"

"Kwamba mto haukurudisha kofia."

Aliweka fulana kwenye mapaja, akailaza kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia kuniagiza chumvi. "Yeye alikuwa na nyumba, mume, na vikombe vya maua. Mimi nilikuwa na maziwa. Mtoto akilia alikuwa ananitafuta mimi, hamtafuti yeye. Wakaleta kopo. Wakaniambia asante. Mwanangu alikuwa chini ya jiwe wiki chache tu, naye baba yake pembeni hata jiwe hana, maana aliyejua kuchonga alikuwa yeye. Nilimtoa mtoto juani. Nikatembea. Nikaona natembea tu. Nilipogeuka daraja halikuwepo tena, nikasema, basi, imeamuliwa."

"Nani ameamua?"

Aliuvuta mkono wa fulana ukanyooka.

"Ukampa jina la yule mwingine."

"Ningempa lipi? La kwao?" Sasa alinitazama. "Nilimpa kila nilichokuwa nacho. Hata siku ya kuzaliwa."

Huyu ndiye aliyeniogesha Mama alipokuwa hospitali. Aliyenifundisha kusoma kwa kunifunika jicho moja ili nisikimbilie mstari wa mbele. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, na kwa mara ya kwanza nikapima umbali kati yangu na mlango.

"Utamwambia?"

"Sijui, Bibi."

"Ngoja nife kwanza," alisema, na akaendelea kukunja. "Sitakuchelewesha."

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Bibi amepika mwenyewe leo, chakula ninachokipenda mimi. Alinipakulia mara mbili. Baba akauliza kuna sherehe gani.

Ijumaa, 26 Aprili

Nikikaa kimya namwibia yule wa nyuma ya duka mara ya pili. Nikisema namuua huyu wa hapa. Na Baba, ambaye ndiye mwenye habari hii, anapiga mluzi uani akitafuta bisibisi iliyo mfukoni mwake.

Nimejiuliza nani kati ya hao wawili ananifaa kufa kwanza. Nimeliandika ili nilione. Sasa nimeliona.

Jumamosi, 27 Aprili

Jua lilitoka asubuhi, likakaa mpaka adhuhuri. Nilikaa dirishani maktaba nikilichukia.

Muuza rangi alichelewa, hakutania mtu. Mama yake analazwa Alhamisi kupasuliwa nyonga. Madaktari wamesema kwa umri ule na moyo ule wasimwahidi kitu. Juu ya hayo, friji imekufa, na dawa yake ya sukari inataka baridi. Anabeba barafu kutoka kwa muuza samaki. "Nikitoka hapa natafuta fundi. Makaburini nitakwenda mama akishatoka hospitali. Akitoka."

Hakuniomba. Hakuwa hata ananitazama. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kunyamaza.

"Baba yangu ni fundi," nikasema. "Nitakuja naye Jumatatu."

Jumatatu, 29 Aprili

Nilibeba mfuko wa zana. Njiani Baba alinisifu, eti leo nimekumbuka kuwa nina baba. Mvua ilianza tulipofika dukani.

Alimwamkia yule mama, akaivuta friji kutoka ukutani, akavua shati, akatafuta msumari, akalitundika. Nilijua atalivua. Nilikuwa nimelijua tangu Jumamosi. Akapiga magoti akaanza kugonga kompresa na kuisemesha, kama kawaida yake. Muuza rangi alisimama mlangoni akimtania kwamba friji ni ya kike, imemwona fundi imeona haya. Wakacheka. Yule mama aligeuza kichwa kwenye kicheko, polepole.

"Fundi," alisema. "Nipe bega nifike kitini."

Baba akainuka, akajipangusa mikono, akamwinamia. Mkono wa yule mama ukamshika bega. Vidole vikasimama. Kisha vikatembea kwenye mshono, kutoka shingoni mpaka begani, vikashuka mpaka kwapani, vikarudi.

"Fulana yako umeivaa kinyume."

"Wananiambia kila siku, mama. Ndivyo nilivyolelewa."

"Na nani?"

"Mama yangu mzazi."

"Mama, mwachie mtu bega lake," alisema muuza rangi. "Friji inamsubiri."

Hakumwachia. "Yu hai?"

"Yupo nyumbani. Magoti tu yanamsumbua."

Yule mama aligeuza lile jicho linalopokea kidogo, si kwa Baba. Kwangu. "Siku ile nilipotaja mshono, penseli yako ilinyamaza. Nilisikia. Nikajiambia, huyu mtoto ana adabu, ameguswa." Akavuta pumzi. "Sema."

"Mwanangu," Baba alisema. "Kuna nini?"

Nikasema. Nilisema kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa: nilichokiona, wapi, tarehe ngapi, nani kaniambia nini na nani hakuwepo. Sikulia. Nilisikia sauti yangu ikisoma kama taarifa ya maabara, na nikaona muuza rangi akishuka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, kicheko kimebaki usoni hakina kazi. Yule mama alikuwa bado ameshika bega. Baba alikuwa bado ameshika bisibisi.

Nilipomaliza, mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu.

Baba akautoa ule mkono begani pake, kwa upole, akamkalisha mwenye mkono kitini. Akarudi kupiga magoti nyuma ya friji. Alifunga waya, akafunua kifuniko, akabadilisha kidude, akafunga. Sijawahi kumwona akifanya kazi bila kuisemesha. Friji ikatetemeka, ikaanza kuunguruma sawasawa.

Ndipo yule mama akamwita. Alimwita kwa jina ambalo sijapata kulisikia, jina zuri, la zamani. Alilisema mara moja tu.

Baba hakugeuka. Alikuwa hajui kwamba ameitwa.

Njiani kurudi hakuniuliza mengi. Tulipofika kona ya nyumbani alisema, "Bibi yako anajua kwamba unajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita."

Akatembea kidogo. "Mmekaa mnanipakulia chakula," alisema. Basi.

Jumatano, 1 Mei

Baba aliingia chumbani kwa Bibi jana jioni, akafunga mlango. Nilisimama kwenye ujia. Mvua ilikuwa kubwa, sikusikia neno. Alitoka ameshika kikombe cha Bibi, akakiosha, akakifunika.

Leo hakuna aliyemwamkia mwenzake.

Alhamisi, 2 Mei

Muuza rangi amepiga simu: upasuaji umekwisha, ameamka, ameuliza kama fundi amekula. Nikasema, asante, kaka. Kwa mti nilioushika mkononi, yeye ni baba yangu mdogo. Nadhani tulilifikiria wote wawili, na hakuna aliyelisema.

Jumapili, 5 Mei

Nimekunja nguo peke yangu. Sikujua nizigeuze au nisizigeuze. Nimeziacha kwenye kiti.

Jumamosi, 11 Mei

Maonyesho ya miti chamani. Mimi na muuza rangi hatukutundika kitu. Nilimuuliza Mzee Penseli kama amewahi kujuta kumkuta shahidi wa pili. Alifikiri, akafuta meza iliyokuwa safi. "Nimepima mipaka maisha yangu yote, binti yangu. Hakuna siku niliyoondoka nikaacha majirani wanacheka."

Jumatano, 15 Mei

Mvua imekatika. Maji ya mto yameanza kutulia kwenye chupa, udongo chini, juu kweupe. Bibi hatumii dawa zake mpaka nimsimamie. Ananiita kwa jina langu, si mke mwenzangu tena.

Jumamosi, 18 Mei

Jua tangu asubuhi. Hakuna sherehe. Hakuna aliyetamka ni tarehe ngapi. Baba hatimizi sitini leo. Atatimiza mwisho wa mwaka, siku ambayo yule mama anaijua na sisi bado hatujauliza.

Mti uko mezani kwangu, wote ni penseli. Mashahidi ni wawili, na tangu jioni ile ya daraja hawajapeana neno. Kanuni inaniruhusu wino. Nimefungua kalamu, nimeifunga.

Kabla ya saa nne Baba alitoka chumbani kwake kwenda hospitali kumwona yule mama. Ni mara yake ya kwanza. Bibi alikuwa amekaa barazani, fimbo magotini. Baba alisimama mbele yake akifunga saa mkononi, shati bado halijafungwa vifungo. Nilimwona akijikuna shingoni, na bado sikuelewa. Alijikuna tena, begani, akavumilia, akashusha mkono.

Bibi alielewa kabla yangu. Fulana ilikuwa nyororo kwa nje. Mishono yote ilikuwa ndani.

"Nitachelewa kurudi," Baba alimwambia, akafunga vifungo, akaenda.

Bibi alimtazama mpaka getini. Viganja vyake vilikuwa juu ya mapaja, vinalaza kitu ambacho hakikuwepo.